Vidonge Vitatu Kambini

Tulipofika bonde la Mto Katuma na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, nilikuwa mtoto, na Katavi ilikuwa bado Rukwa. Mkoa huu ulizaliwa 2012. Kiangazi baba mdogo alituhamishia kambini kufuata maji. Jioni aliwasha samadi kavu, nasi tukalala upande moshi unakoelekea, machozi yakitutoka. Neti yetu ndiyo hiyo.

Homa ikizidi, ni mwendo wa kutwa hadi zahanati, na huko dawa ilikuwa klorokwini: kwa mtu mzima vidonge vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Uchungu niliuvumilia. Mwasho ndio ulionishinda, nikijikuna kama ng'ombe mwenye kupe. Homa ikishuka siku ya pili, vilivyobaki viliishia mfuko wa shati. Sikuwa peke yangu, na vimelea vya malaria vikaizoea dawa. Mwaka 2001 serikali ikaiacha, ikaleta SP, ambayo sisi tuliita Fansidar: vidonge vitatu kwa mpigo, basi. Kwa mtu wa leo hapa kesho kule, sijaona dawa iliyotufaa kama ile.

Nayo ikachoka upesi. Mwaka 2006 ikatangazwa dawa mseto: vidonge 24 kwa mtu mzima, mara 6 ndani ya siku 3, tena na chakula chenye mafuta. Mafuta hayakututisha, maziwa yapo. Kilichotutisha ni saa. Nani kambini ana saa? Mke wangu ndiye aliyefumbua fumbo. Ukiacha dozi ya pili, inayomezwa saa nane baada ya ya kwanza, alisema, zilizobaki ni asubuhi na jioni, yaani kukamua na kukamua. Tangu hapo anayeumwa alimeza akiwa na kibuyu mkononi.

Kisha kampeni ya 2010 na 2011 ya neti za bure. Waandikishaji walihesabu sehemu za kulala.

"Mama, hapa zipo ngapi?"

"Nne."

Vijana wetu watatu walikuwa kambini. Mke wangu hakuwataja, wanalala nje, na kwake nje haikuwa sehemu.

Neti zilipokuja alivua ya kitandani kwetu akaipeleka mwenyewe. Waliifunga kwenye matawi ya mgunga. Miiba ikaitoboa kabla ya masika. Nilipokwenda kuwatazama niliikuta imeshonwa kwa uzi wa gunia, vijana watatu ndani, na pembeni samadi inafuka.