Mbwa wa Ukoo Bora na Ugonjwa wa Kurithi

Ndugu msikilizaji, ukipita katika mitaa ya miji yetu, iwe Dar es Salaam au Arusha, Nairobi au Mombasa, huchukui muda kukutana na kibao getini kilichoandikwa "Mbwa Mkali". Nyuma ya geti hilo mara nyingi yumo mbwa mrefu mwenye masikio ya kusimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya kahawia. Wengine humwita mbwa wa polisi, wengine Alsesheni, na wanaofuata jina la kwao humwita mbwa mchungaji wa Kijerumani. Hununuliwa kwa fedha nyingi, na anayemuuza husifu jambo moja kuliko yote, nalo ni ukoo wake. Atakuambia kwamba mbwa huyu ni wa damu safi.

Leo tuzungumze juu ya hiyo damu safi, kwa sababu imebeba jambo ambalo muuzaji halitaji. Mbwa wa aina hii, akifika umri wa miaka minane au tisa, anaweza kuanza kuburuta miguu ya nyuma. Kucha hukwaruza sakafu, nyayo hujikunja, kiuno huyumba kama cha mlevi. Halii, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauna maumivu. Lakini baada ya miezi sita hadi mwaka hivi, miguu ile huwa imekufa ganzi na hainyanyuki tena. Mwenye mbwa hubaki akijiuliza: Je, amepewa sumu? Amelogwa? Ameshikwa na kichaa? Jibu lina historia ndefu, na historia hiyo inatuhusu sisi binadamu kuliko inavyomhusu mbwa.

Turudi nyuma hadi mwaka 1899, wakati Wajerumani walipokuwa wakitawala Tanganyika. Huko kwao, afisa wa zamani wa askari wa farasi aliyeitwa Max von Stephanitz alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa katika mji wa Karlsruhe. Alikuwa akitafuta mbwa wa kuchunga kondoo aliye hodari, mwenye akili na asiyechoka. Alimwona dume mmoja akamnunua, akambadilisha jina na kumwita Horand von Grafrath. Mwaka ule ule, tarehe 22 Aprili, kilianzishwa chama cha wafugaji wa mbwa hao, na katika daftari la ukoo la chama hicho Horand akaandikwa namba moja.

Daftari hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Shabaha yake ilikuwa nzuri. Lilitaka kila mbwa ajulikane baba yake, mama yake, babu yake na bibi yake. Lakini daftari la namna hiyo ni kama nyumba yenye mlango mmoja, na mlango huo hufungwa. Asiyeandikwa humo haruhusiwi kuzaa na walioandikwa. Basi wafugaji walimtumia Horand mara nyingi, wakawatumia watoto wake, na wakafika mahali pa kuwapandisha ndugu kwa ndugu. Mwanawe mashuhuri, Hektor von Schwaben, alipandishwa kwa jike ambaye naye alikuwa binti wa Horand, na uzao wao ukasambaa katika ukoo mzima. Kwa watu tungeiita haramu. Kwa mbwa iliitwa ufundi.

Hatuwezi kusema ufundi huo haukuzaa matunda. Mbwa hawa walifanya kazi na polisi na majeshi ya nchi nyingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi walipopofuka, shule ya kufundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu ilifunguliwa katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916. Hata Waingereza, waliochukia kila kitu chenye jina la Kijerumani baada ya vita, hawakumwacha mbwa huyu. Walilobadilisha ni jina tu, wakamwita Alsatian, na jina hilo ndilo lililofika kwetu na wakoloni likawa Alsesheni.

Lakini Waswahili husema maji hufuata mkondo. Pamoja na masikio ya kusimama na akili nyepesi, kuna jambo jingine lililokuwa likitembea ndani ya damu bila kuandikwa katika daftari lolote. Mwaka 1973 daktari wa mifugo Mmarekani aliyeitwa Averill alieleza ugonjwa aliouona kwa mbwa wachungaji wa Kijerumani waliozeeka: uti wa mgongo ulikuwa ukiharibika polepole, na amri za ubongo hazikuifikia tena miguu. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu walibishana. Wako waliosema ni uzee, na wako waliosema ni chakula au kinga ya mwili iliyokosea adui.

Ubishi huo ulipungua sana mwaka 2009. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, akiwamo Joan Coates na Gary Johnson, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Broad huko Marekani, walilinganisha chembechembe za urithi za mbwa wagonjwa na za mbwa wazima. Walikuta hitilafu katika jeni moja iitwayo SOD1. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayosafisha sumu zinazotokana na hewa ya oksijeni ndani ya seli. Ikiwa na hitilafu, protini hutengenezwa vibaya na kujikusanya mabonge ndani ya seli za neva.

Mambo mawili katika uvumbuzi huo yanafaa kutufikirisha. La kwanza, hitilafu hiyo haikuwa ya Alsesheni peke yake. Ilikutwa kwa mbwa aina ya boksa, kwa mbwa wafupi wa Wales, na hata kwa mbwa wa Afrika mwenye mstari wa nywele mgongoni, yule ambaye wafugaji walimwandikia sifa zake rasmi mjini Bulawayo mwaka 1922. Baadaye ilionekana katika aina zaidi ya mia moja. Maana yake ni kwamba hitilafu hii ni ya kale kuliko madaftari yote. Von Stephanitz hakuiumba. Kosa la madaftari ni kuifungia ndani ya nyumba moja, wakati ndugu walipopandishwa kwa ndugu, hadi ikakutana na mwenzake mara nyingi.

La pili ni kwamba jeni hiyo hiyo ilikwisha kujulikana kwa binadamu. Mwaka 1993 iligunduliwa kuwa chanzo cha baadhi ya ugonjwa wa kurithi wa neva zinazoendesha misuli, ugonjwa ambao Mfaransa Charcot aliueleza katika karne ya 19 na uliomuua mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, Lou Gehrig, mwaka 1941. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo tofersen kwa watu wenye hitilafu ya SOD1. Haiponyi, lakini ni mlango uliofunguka. Kwa hiyo anayesema "mbwa ni mbwa tu" ajue kwamba uti wa mgongo wa mbwa na wake unaweza kuharibiwa na jeni moja.

Sasa tuje nyumbani. Mwenye mbwa anayeyumba afanye nini?

Kwanza, asihukumu kwa haraka. Katika nchi zetu mbwa akilegea miguu, jirani wa kwanza kupita hutamka neno kichaa, na wa pili huokota rungu. Tahadhari hiyo ina sababu, maana kichaa cha mbwa kinaua watu, na kipo cha kupoozesha. Asiyejua mbwa wake amechanjwa lini asimguse mate wala mdomo, amfungie peke yake na amwite daktari wa mifugo mara moja. Lakini kichaa hakingoji. Kwa kawaida mbwa mwenye kichaa hufa ndani ya siku kumi tangu dalili zianze. Mbwa aliyeyumba kidogo mwezi wa Machi, akazidi mwezi wa Juni, na mwezi wa Septemba bado anakula na kutikisa mkia, huyo ana jambo jingine.

Jambo hilo jingine nalo si lazima liwe la kurithi. Huenda pingili ya mgongo imebana neva, au nyonga imechakaa, au kuna uvimbe, au maradhi ya kupe. Baadhi ya hayo yanatibika. Daktari mwema huyaondoa moja baada ya moja kabla ya kutaja ugonjwa usio na dawa, na hata akiutaja, uhakika kamili hupatikana tu mbwa anapokufa na uti wake ukachunguzwa. Kipimo cha jeni kipo, cha mate au damu. Lakini kipimo hicho kinaonya tu. Mbwa mwenye nakala mbili za hitilafu yumo hatarini, na wengi wa namna hiyo huzeeka na kufa kwa sababu nyingine wakitembea. Mwenye nakala moja ni mbebaji, na ni nadra augue.

Pili, ikiwa dalili zote zimeelekea huko, zipo kazi za kufanya hata kama dawa haipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa waliofanyishwa mazoezi ya viungo kwa bidii waliendelea kutembea kwa muda mrefu zaidi kuliko wasiofanyishwa. Sakafu yenye utelezi itandikwe mikeka. Kucha zikatwe, na nyayo zivishwe viatu vya ngozi zisichubuke. Asinenepeshwe. Kanga kuukuu ikipitishwa chini ya tumbo humsaidia kunyanyuka, na fundi wa baiskeli anaweza kumtengenezea kigari cha magurudumu mawili. Akishindwa kusimama, ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia.

Itafika siku ambayo hayo yote hayatoshi, miguu ya mbele nayo ikilegea na pumzi ikiwa nzito. Siku hiyo sindano ya daktari ni huruma. Sumu ndani ya nyama, au kumtupa jalalani akiwa hai, ni jambo la aibu kwa mtu aliyelindwa miaka minane.

Tatu, na hapa nasema na wanaozalisha mbwa kwa ajili ya kuuza: hesabu ni nyepesi. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili. Mbebaji akipandishwa kwa asiye na hitilafu, hakuna hata mtoto mmoja atakayepata mbili. Hakuna haja ya kuua wala kuhasi ukoo mzima. Kinachotakiwa ni kupima, kuandika ukweli, na kumwambia mnunuzi. Daftari lililotumika kuficha ndilo litakalotumika kuponya, mradi mwenye kalamu awe mkweli. Na mnunuzi naye, badala ya kuuliza tu baba wa mbwa alishinda kombe gani, aulize babu yake alikufa akiwa anatembea au akiwa anaburuta.

Ndugu msikilizaji, Waswahili wanasema shukrani ya punda ni mateke. Ya punda tumeizoea. Lakini mbwa huyu hakujichagulia ukoo. Sisi binadamu ndio tuliomchagulia baba na mama, tukamfungia katika daftari letu, tukamweka getini usiku ili sisi tulale. Ugonjwa ukimpata kwa njia hiyo, gharama ya mkeka, kanga na daktari isihesabiwe kuwa sadaka. Ni deni, na mwenye deni hulipa.