Chakula cha watoto Kasongo na Kabambare, zamani na leo

Wengi kwetu Wamaza wanadhani wali ni chakula cha babu zetu toka zamani za kale. Sivyo. Mpunga uliingia Maniema pamoja na Wangwana waliotoka pwani, kwa njia ya Ujiji na Kabambare, katika karne ya 19. Tippu Tip alikaa Kasongo toka karibu 1875, na jeshi la wazungu lilipouteka mji ule mwezi wa nne 1893 lilikuta mashamba makubwa ya mpunga, miwa na matunda. Hata muhogo unaotupa bugali na sombe ulitoka mbali, Amerika. Kisha toka 1917 Wabelgiji wakalazimisha watu kulima pamba na mazao mengine ya kuuza, na shamba la mama la kulisha nyumba likakosa mikono.

Uislamu nao ulileta adabu ya kula: nawa, taja Mungu, tumia mkono wa kuume, kula upande ulio mbele yako. Tukumbuke kwamba Mtume aliyasema hayo, isipokuwa la kunawa, kwa mtoto ambaye mkono wake ulikuwa unazunguka sahani nzima. Kwetu yakawa masomo ya kwanza, kabla ya shule yoyote. Mtoto akisha kuachishwa ziwa anawekwa kwenye mkeka pamoja na wakubwa wake, hapana mtu wa kumlisha. Anajifunza kufinyanga tonge kwa kuangalia. Samaki haguswi; mama ndiye anayemgawa mwisho, kila mmoja kipande chake. Ilikuwa desturi nzuri, nasema bila haya, sababu mtoto wa miaka sita alikuwa anajua kula mwenyewe na kungojea wenzake.

Lakini sahani moja ina ubaya wake. Mwenye mkono mwepesi anashiba, mdogo anabaki na bugali tupu. Na bugali ya muhogo inajaza tumbo bila kujenga mwili. Ndiyo sababu moja ya ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi. Waganga wa Mradi wa Kasongo, ulioanza 1971 pamoja na chuo cha Antwerpen, walipima watoto wadogo wengi, uzito na urefu, kusudi wajue nani yuko katika hatari ya kufa. Kasongo ikasomwa katika majarida ya dunia nzima kwa ajili ya watoto wetu hao.

Leo, toka shule ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na wengi wanaingia na tumbo tupu. Mwenye pesa kidogo ananunua andazi. Kwa maoni yangu kiporo cha bugali na sombe ya mawese na karanga kinapita andazi mara mbili, hata kama watoto wanakionea haya.

Wazee wanakataa mtoto apewe kibakuli chake, wanasema atakuwa mchoyo. Hofu yao ina maana. Lakini kuna mama wanaofanya hivi: kibakuli cha mdogo kinakaa kwenye mkeka uleule, samaki anagawanywa mwanzo badala ya mwisho, na mtoto mwenyewe ndiye anayekiosha akimaliza.