Sitini: Namba ya Makarani wa Mesopotamia

Sitini ina vigawo 12, yaani namba nzima 12 zinazoigawanya bila kuacha baki, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kiasi hicho. Tena ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 6. Theon wa Alexandria, mwanahisabati wa karne ya 4, aliamini kwamba wepesi huo wa kugawanyika ndio uliowafanya watu wa kale waichague kuwa msingi wa hesabu zao. Maelezo hayo yanapendeza, lakini vibao vya udongo vya Mesopotamia havielekei kuyaunga mkono.

Vibao vya Uruk, mji wa kusini mwa Iraki ya leo, vilivyoandikwa mwishoni mwa milenia ya 4 KK, vinaonesha kuwa makarani walikuwa na mifumo kadhaa ya kuhesabia kwa wakati mmoja: mifugo ilihesabiwa kwa mafungu ya 60, baadhi ya vyakula vya posho kwa mafungu ya 120, na mashamba kwa vipimo vyake vyenyewe. Sitini, basi, ilikuwa moja tu kati ya nyingi, na iliyoipandisha ni kazi ya uhasibu, ambapo shekeli 60 zilifanya mina moja na mina 60 zikafanya talanta. Kufikia mwaka 2000 KK hivi, makarani walikuwa wamebuni uandishi wa thamani ya nafasi, ambao kwao alama ileile ya kabari ilisomwa 1, 60 au 3,600 kulingana na mahali ilipokaa, na kwa kuwa sifuri haikuwa na alama, msomaji alilazimika kuitambua thamani kutokana na muktadha.

Hapo ndipo vigawo vilipoonesha faida yake. Karani aliyetaka kugawanya kwa 8 alizidisha kwa kinyume chake, yaani moja ya nane, ambacho katika mfumo huo ni 7 na 30 tu, yaani 7 ya sitini na 30 ya elfu tatu mia sita; bali kinyume cha 7 hurudia 8, 34, 17 bila kikomo, na kwa sababu hiyo majedwali ya kawaida ya vinyume yaliiruka namba hiyo.

Hata hivyo, kilichoiokoa sitini si soko bali ni elimu ya nyota. Wanajimu wa Babeli waliwarithisha Wagiriki mfumo wa sitini, mnajimu Ptolemy akautumia Alexandria katika karne ya 2, kisha wataalamu wa Kiislamu wakauendeleza hadi mwanahisabati al-Kashi, mwaka 1424, akakokotoa uwiano wa mzingo na nusu kipenyo cha duara kwa nafasi tisa za sitini. Hata jaribio la kuiondoa sitini kwenye saa halikudumu: Ufaransa ya mapinduzi iliamuru mwaka 1793 kwamba saa iwe na dakika 100 badala ya 60. Lakini matumizi ya lazima ya amri hiyo yalisitishwa mwaka 1795.