Mazuku: Istilahi Iliyotoka Kwetu

Sisi tulioko Dar es Salaam, tangu Feri hadi Kariakoo, tumezoea kuuliza tuazime istilahi gani kwa wageni. Leo tuitazame moja waliyoiazima kwetu.

Huko Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, wasemaji wa Kiswahili huita mazuku ile kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni usiku usio na upepo. Ikizidi asilimia 10 ya hewa, huweza kuua.

Wenyeji waliitambua kwa mizoga ya wanyama. Wataalamu wakaipima kwa vyombo, lakini jina hawakulibadili. Sasa limo katika maandishi ya sayansi ya volkano ulimwenguni. Basi tulisajili, wanetu wasije wakafundishwa kuwa ni neno la kigeni.