Miaka 30 ya Serikali ya Mtaa: Kutoka Mnazi Mmoja hadi Vichochoro vya Kariakoo

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa wa saba tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa nchini. Wa kwanza ulifanyika mwaka 1994. Kwa hesabu hiyo, ofisi ya serikali ya mtaa kama tunavyoijua leo, yenye mwenyekiti aliyepigiwa kura, wajumbe wa kamati na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, ilitimiza miaka 30 mwaka 2024. Kwa wakazi wa Mnazi Mmoja, Gerezani na Kariakoo hiki ndicho chombo cha dola kilicho karibu kuliko vyote: ndicho kinachojua nani amehamia, nani amefiwa, chemba ipi inafurika na baa ipi inapiga muziki usiku kucha. Hoja ya historia hii fupi ni kwamba nguvu ya ofisi hiyo, tangu enzi za watangulizi wake, imetokana na kuwafahamu watu kwa majina na nyumba zao, na kwamba Kariakoo ya sasa imejaa watu ambao ofisi hiyo haina njia ya kuwafahamu. Anayetaka kuienzi aanze hapo.

Chombo chenyewe kina mizizi mirefu kuliko umri wake. Wajerumani ndio walioipima Kariakoo kwa mitaa iliyonyooka, Waingereza wakaendelea kuigawa, na kati ya makazi hayo ya Waafrika na Uhindini wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ili kuwatenga watu kwa rangi zao. Utawala wa Waafrika wa mjini ulikuwa chini ya Liwali, na chini yake mawakili walioteuliwa kusimamia sehemu za mji. Mawakili hao walipeleka amri chini. Habari za kupanda juu zilitafuta njia nyingine. African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na kuweka makao yake New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ilikuwa mojawapo ya njia hizo. Vyama vya kuzikana, vya ngoma na vya watu waliotoka sehemu moja vilikuwa nyingine. Tarehe 7 Julai 1954 African Association, ambayo wakati huo iliitwa Tanganyika African Association, iligeuka kuwa TANU palepale New Street. Wanahistoria hupenda kuitazama siku hiyo kama mwanzo wa taifa, na ni kweli. Lakini chama hicho kiliweza kujaza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa sababu kilikuta watu waliokwisha kujipanga kwa shida zao za kila siku. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake TANU kupitia vikundi vya ngoma vilivyokuwa na viongozi, michango na wanachama waliofahamiana.

TANU ilipokwisha kushika dola iliugeuza mtandao huo kuwa utaratibu rasmi. Miaka ya mwanzo ya 1960 zikaundwa mashina ya nyumba kumi, kila moja na balozi wake, ambaye watu wengi hadi leo wanamwita mjumbe. Mjini hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba takriban sita, vitatu kila upande wa korido, uani nyuma na baraza mbele. Balozi wa nyumba kumi kama hizo aliweza kuwajua wenye nyumba, wapangaji na watoto wao bila daftari. Aliamua ugomvi wa wapangaji, alipokea wageni, na katika uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 orodha yake ilikuwa na uzito katika mgawo wa sukari, sabuni na unga. Hapo pia ndipo ubaya wake ulipojificha, kwa kuwa anayeshika orodha ya chakula anaweza kuwakomoa asiowapenda. Mwaka 1983, operesheni ya Nguvu Kazi ilipowasaka mjini waliohesabiwa kuwa hawana kazi, kujulikana na balozi kulikuwa kinga kwa wengine na hatari kwa wengine. Kabla ya hapo halmashauri zenyewe zilikuwa zimeyumba: zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zile za miji zikarudi 1978, na mwaka 1982 ikatungwa Sheria Namba 8 ya mamlaka za miji ambayo mtaa wa leo unasimama juu yake. Katika pengo lile, balozi wa chama ndiye aliyebaki mlangoni.

Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 swali likawa zito: balozi ni wa chama, sasa mwananchi asiye wa chama hicho aende kwa nani? Jibu lilikuwa serikali ya mtaa. Mabalozi wakabaki na CCM, mrithi wa TANU, na kazi ya dola ikahamia ofisi yenye bendera ya taifa. Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi katika karatasi moja, ile barua ya utambulisho. Juu imeandikwa jina la halmashauri, kata na mtaa. Chini yake kichwa cha habari, kisha sentensi isiyobadilika sana kwamba mtajwa ni mkazi wa mtaa huu na anafahamika. Picha ndogo imebandikwa pembeni, na muhuri umegongwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi ili picha isibanduliwe na kubandikwa nyingine. Bila barua hiyo ni vigumu kumwekea ndugu dhamana, kuomba kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti au kuingia katika kikundi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Benki, polisi na mahakama, vyombo vyenye fedha, silaha na sheria, vyote vinamwomba mwenyekiti wa mtaa athibitishe jambo moja wasiloweza kulijua wao: huyu ni nani, na anaishi wapi. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 nayo ilipita njia hiyohiyo, makarani wakiongozwa nyumba kwa nyumba na viongozi wa mitaa.

Ajabu ni kwamba ofisi inayotegemewa kiasi hicho haina mfuko. Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1894 iliunda mabaraza ya parokia za vijijini, baraza dogo linaloshughulikia njia za miguu, makaburi na ukumbi wa kijiji linaruhusiwa kudai kodi yake ndogo, ambayo halmashauri ya juu huikusanya pamoja na ya kwake na kuirudisha chini. Wanakijiji hujua wanalipa kiasi gani na kwa ajili ya nini, kwa hiyo wakija mkutanoni wanauliza. Mtaa wetu hauna mamlaka hayo. Ushuru wa Kariakoo, mojawapo ya maeneo yenye biashara kubwa kuliko yote nchini, hupanda kwenda halmashauri, ambayo tangu Februari 2021 ni Jiji, na kodi kubwa huenda Mamlaka ya Mapato. Mtaa hubaki na posho ya mwenyekiti, michango ya ulinzi shirikishi na ya taka, na lile linalolalamikiwa kila mahali: hela ya barua. Wapo wanaosema malipo hayo ni rushwa na yakomeshwe. Yakomeshwe, lakini ofisi inayotakiwa kununua karatasi, wino na kaunta buku bila bajeti itaendelea kumgeukia anayekuja na shida, hata mwenyekiti akiwa mwadilifu. Dawa ni fungu dogo linalorudi mtaani kutoka katika ushuru uliokusanywa mtaani humohumo, na hesabu zake kubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi.

Fedha si pengo kubwa kuliko yote. Pengo kubwa ni watu. Sheria inampa kura mkazi wa kawaida wa mtaa, na uandikishaji wa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 ulifuata msingi huo. Lakini nyumba ya vyumba sita imebomolewa, na mahali pake pamesimama ghorofa lenye fremu chini, stoo katikati na labda familia chache juu, au hakuna kabisa. Maelfu wanaoijaza Kariakoo alfajiri, wenye maduka, mawakala, machinga, mama lishe, wabeba mizigo na madereva wa bajaji, jioni hurudi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta, ambako ndiko wanakopiga kura. Kwa mwenyekiti wa mtaa hao si wakazi. Kwa mwenyekiti wa kule wanakolala, shida za mitaro ya Kariakoo si zake. Kwa hiyo mtaro ulioziba mbele ya duka hauna mtu mwenye kura anayeulalamikia.

Matokeo yake yameonekana wazi. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kulalamikia namna kodi zinavyokusanywa na usajili wa stoo. Ilibidi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aje mwenyewe kukutana nao Mnazi Mmoja tarehe 17. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, siku 11 kabla ya uchaguzi wa mitaa, ghorofa likaporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Waziri Mkuu akaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Miaka 11 kabla, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na Mnazi Mmoja, liliua watu 36. Kibali cha ujenzi hakitolewi na mtaa, na mwenyekiti si mhandisi. Si haki kumtwika lawama hiyo. Hata hivyo wanaofanya kazi ndani ya majengo hayo kutwa nzima ndio wa kwanza kuona ufa na kusikia nyundo, na hawana kikao cha karibu ambacho kwa sheria kinawajibika kuwasikiliza na kuandika walichosema.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuwapa kikao hicho ni kwamba wanacho tayari: soko lina shirika lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na wafanyabiashara wana jumuiya yao. Ni kweli, lakini shirika linasimamia soko, na jumuiya inabishana na serikali kuhusu kodi. Kichochoro, chemba na ngazi ya dharura iliyojazwa marobota si ya yeyote kati yao. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ukimpa sauti asiyelala mtaani, wenye fedha watawameza wazee wachache waliobaki katika nyumba zao, na mtaa utageuka kuwa chama cha wenye maduka. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo isiwe kura ya kumchagua mwenyekiti. Viti vichache vya wawakilishi wa wafanyabiashara na machinga katika kamati, vyenye haki ya kusema na kuandikwa katika kumbukumbu huku uamuzi ukibaki kwa wakazi, vinatosha. Pingamizi la tatu linahusu siasa: mwaka 2019 upinzani mkubwa ulisusa na CCM ikachukua karibu viti vyote, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kama hatukurudi kwa balozi wa chama kwa jina jipya. Uchaguzi usio na ushindani unaidhoofisha ofisi hii mahali pabaya kuliko pote, katika imani ya anayebisha hodi, na mageuzi yoyote ya viti au fedha hayatafidia hasara hiyo.

Lakini tofauti moja ya 1994 haijafutika. Balozi aliwajibika kwa chama; mwenyekiti wa mtaa anawajibika kwa mkutano wa wakazi, anayemuunga mkono na anayempinga. Maadhimisho ya miaka 30 yatakuwa na maana yakirudi kwenye msingi huo na kuupanua: sheria itambue kwamba katika mtaa kama wa Kariakoo watu wake ni wanaolala na wanaoshinda, na sehemu ya ushuru wanaoutoa irudi chini kuzibua mitaro yao. Muswada wa marekebisho ya namna hiyo hauhitaji kurasa nyingi, na muda uliobaki hadi uchaguzi wa nane mwaka 2029 unatosha kuuandika.