Stratos na Delta: Magari mawili ya Italia katika mizani ya Safari Rally

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953, yalirejea katika ubingwa wa dunia 2021, makao yake yakiwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Vumbi la volkano linaloyasumbua magari ya sasa karibu na Elmenteita ni sehemu ya mtihani ambao Kenya imewapa watengenezaji wa magari kwa miaka mingi. Kampuni ya Lancia ya Italia iliukabili mtihani huo kwa magari mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni Stratos. Gari hili liliundwa kwa ajili ya mashindano. Umbo lake lilichorwa na kampuni ya Bertone, nayo injini yake ya silinda sita, ya lita 2.4, ilitoka kwa Ferrari. Injini hiyo iliwekwa nyuma ya dereva na kuzungusha magurudumu ya nyuma pekee. Stratos liliipa Lancia ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976.

Hata hivyo, Kenya haikulipa ushindi. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Ove Andersson aliyeendesha Peugeot 504, gari ambalo Wakenya wengi walilijua kwa kubeba abiria. Mwaka uliofuata Mkenya Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer, na nafasi tatu za kwanza zote zikatwaliwa na magari ya aina hiyo. Mnamo 1977 Munari aliambulia nafasi ya tatu.

La pili ni Delta Integrale. Hili lilitokana na gari la kawaida la familia, lenye milango mitano, lililochorwa na Giorgetto Giugiaro. Injini yake ya lita mbili, yenye turbo, ilikaa mbele na kuzungusha magurudumu yote manne. Miki Biasion alishinda nalo Safari Rally 1988 na 1989, kisha Juha Kankkunen 1991.

Tofauti hiyo ina sababu. Katika Stratos, umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.18 tu. Ufupi huo ulilisaidia kukata kona upesi barabarani Ulaya, lakini kwenye mashimo na matope gari fupi huyumba kwa urahisi. Delta, lenye karibu mita 2.5, lilitulia zaidi na kushika ardhi kwa magurudumu manne.

Haki pia inadai tukumbuke nyakati. Gari la kwanza la aina hiyo kushinda Safari Rally lilikuwa Audi 200 Quattro la Hannu Mikkola, 1987. Stratos halikuwahi kuwa na nyenzo hiyo.

Kwa hiyo, anayepima kwa kasi na uzuri wa umbo atachagua Stratos. Anayepima kwa barabara zetu hana budi kuchagua Delta.