Livingstone: Jina la Ukoo Lililogeuka la Mtoto

Ukiita "Livingstone!" Kampala, huenda akaitika mtu mmoja aliyebatizwa hivyo. Scotland, jina hilo lilikotoka, utakuwa umeita ukoo mzima.

Asili yake ni ardhi. Karibu na Edinburgh upo mji wa Livingston, ambao katika karne ya 12 ulikuwa milki ya bwana aitwaye Leving. Waliotoka huko wakaitwa kwa jina la mahali. Mhubiri anayejua Kiingereza anaweza kusikia humo "living stone", lile jiwe lililo hai la waraka wa Petro, lakini Leving hakuwa na habari hiyo. David Livingstone mwenyewe, daktari na mmisionari aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813, nasaba yake ilikuwa ya kwingine: babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, upande wa magharibi, ambako watu wa ukoo wa MacLea walijivika jina la Livingstone. Kumbe lilikuwa la kuazima hata kabla ya kuvuka bahari.

Waskoti wana sababu ya kumpa mtoto jina la ukoo. Mtoto huchukua ukoo wa baba, wa mama ukakatika. Basi wazazi huupenyeza kwa mlango wa uani. Mwandishi Robert Louis Stevenson alipewa pia jina la Balfour, ukoo wa mama yake. Graham na Douglas nayo yalikuwa majina ya koo kabla ya kuwa ya watoto.

Wakikuyu hawahitaji mlango huo. Mwana wa kwanza humrudisha babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Muigai, katika Uhuru Muigai Kenyatta, ni jina la babu yake, aliyemzaa Jomo Kenyatta. Lenye umri mdogo ni Kenyatta, linalosomeka leo kama la ukoo: Jomo alijitwalia mwenyewe ukubwani.

Buganda ndiko mambo yananivutia zaidi. Kila ukoo una hazina yake ya majina. Baba na mwana wanaweza wasishiriki hata moja, na bado Muganda mwenzao akatambua ukoo wao. Livingstone liliingia hapo kwa ubatizo, ingawa daktari huyo hakuwahi kufika Buganda: wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliwasili mwaka 1877, miaka minne baada ya kifo chake. Askofu Mkuu Livingstone Mpalanyi Nkoyoyo, aliyeliongoza Kanisa la Uganda kuanzia 1995 hadi 2004, alilibeba mbele ya majina yake ya Kiganda.

Wapo watakaoliita kovu la ukoloni, na sitabishana nao sana. Ila jina lililozoea kusema mtu ni wa nani limepokonywa kazi hiyo Buganda. Ukitaka kujua ukoo wa mtu bado unasikiliza jina lake la Kiganda; Livingstone linakuambia tu kwamba amebatizwa.